Barua ya wazi kwa wakuu wa vitivo vya uhandisi na wakutubi wetu: tufundisheni kutafuta, sio kuhesabu tu

Kwenu Maprofesa na Madaktari mnaosimamia vitivo vya uhandisi, na kwenu wakutubi wakuu, wa vyuo vikuu vya huku kwetu kuanzia Nakuru mpaka Kisumu na magharibi yote.

Salamu sana. Mimi nilimaliza uhandisi wa ujenzi miaka sita iliyopita katika chuo kimoja cha huku. Jina naliacha, kwa sababu sitaki kumchomea mtu na kwa sababu haya mambo nimeyasikia kwa wenzangu waliosoma vyuo vingine pia. Saa hizi niko Kisumu, nafanya na ofisi ndogo ya barabara na mifereji ya maji, na kila mwaka tunapokea wanafunzi wa atachmenti, wale wa kujifunza kazini, kutoka kwenu, watatu au wanne hivi. Ni hao wamenifanya nikae chini niandike hii barua.

Vijana wenu wako vizuri, hiyo nataka niiseme kwanza. Ukimpa mmoja boriti ya konkriti atakupigia hesabu mpaka idadi ya vyuma na nafasi kati ya ringi na ringi, na atakuchorea kwa kompyuta vizuri kuliko mimi. Lakini ukimuuliza swali moja tu, hii namba umeitoa wapi, anakuangalia. Alafu anasema Google. Ukimwambia Google ni steji, pale unapandia tu gari ya kukupeleka mahali, sasa wewe ulishukia wapi, hapo mazungumzo yanakwisha. Na simlaumu hata kidogo, manake hakuna mtu aliwahi kumuuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, na wacha niwaeleze ilivyonipata.

Projekti yangu ya mwaka wa tano ilikuwa kalvati, lile bomba ama sanduku la kupitisha maji chini ya barabara. Kuna kijito kinateremka kutoka upande wa Nandi, kinaingia Kano, kinakatiza barabara ya murram kule upande wa Ahero, na kila mvua ndefu ikija barabara inakatika, watoto hawaendi shule, pikipiki zinavushwa zikiwa zimebebwa mabegani na wanaume wanne. Nikapima, nikachora, nikahesabu maji kwa ile fomula tunayoijua sote, kizidishi cha mtiririko mara nguvu ya mvua mara ukubwa wa eneo. Kizidishi, yaani ile sehemu ya mvua inayokimbia juu bila kuingia ardhini, nikaweka 0.3. Siku ya difensi, ya kutetea projekti mbele ya paneli, kulikuwa na mzee mmoja injinia aliyealikwa kutoka nje ya chuo, mtu wa miwani na penseli, hakuongea muda wote, wenzake wakauliza maswali yao nikajibu, mwishowe akafungua ripoti yangu taratibu, akaweka ncha ya penseli juu ya hiyo 0.3, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii imetoka wapi?" Nikamwambia imetoka kwa projekti ya komredi wa miaka miwili nyuma. Akauliza, "Na yeye?" Nikanyamaza.

Baadaye nilienda kuifuatilia. Ile ya komredi ilitolewa kwa projekti nyingine, hiyo nyingine ilitolewa kwa notisi za darasa, na notisi zilitolewa kwa kitabu cha Marekani, kwenye jedwali la mashamba ya udongo wa kichanga mahali tambarare. Kichanga! Na mimi nilikuwa nimesimama Kano, kwa ule udongo mweusi ambao mafundi huita blakotoni, ambao ukilowa unavimba, nyufa zake zinajifunga, na baada ya hapo maji hayaingii tena, yanateleza juu kama kwa sakafu.

Hebu tazameni hesabu yenyewe. Kwa ile fomula, kizidishi kikitoka 0.3 kikaenda 0.6, maji yanakuwa mara mbili. Sio asilimia tano sio kumi, mara mbili nzima. Yaani bomba moja nililochora lingetakiwa yawe mawili, au niachane na bomba nijenge sanduku. Kama mtu angeichukua ile karatasi yangu akajenga, maji ya mwaka wa kwanza yangepanda juu ya barabara na kuondoka na tuta lote, na wale wanaume wanne wangerudi kubeba pikipiki, tofauti ingekuwa tu pesa ya kaunti imekwisha.

Paneli ilinipa wiki mbili nirekebishe. Hapo ndipo niliingia maktaba kwa mara ya kwanza nikitafuta kitu. Miaka hiyo yote nilikuwa naingia kusoma notisi zangu mwenyewe na kuchaji simu. Kwetu watu wa uhandisi maktaba ilikuwa meza na soketi, na ukimya wakati wa mtihani, basi.

Kwa kaunta kulikuwa na madam mmoja, simtaji, akiisoma hii atajijua. Nikamwambia, "Madam, naomba kitabu cha kalvati." Akaniambia vitabu vya barabara viko kwa rafu za TE, vya maji viko TC, udongo uko TA, "lakini shida yako si kalvati. Wewe unataka kujua nini?" Nikaeleza, nikaeleza tena, yeye akachukua karatasi iliyoharibikia kwa mashine ya fotokopi, akaigeuza, akapiga mistari miwili kutoka juu mpaka chini ikawa na safu tatu, akanipa biro. Safu ya kwanza kitu, ya pili mahali, ya tatu unachotaka kujua juu ya hicho kitu. Akasema huwezi gusa kibodi kabla hujajaza.

Nikaandika "black cotton soil". Akauliza, "Wengine wanaiitaje?" Sikujua kama kuna wengine. Akaniambia nyinyi na Wahindi ndio husema hivyo, Mmarekani atasema "expansive clay", na watu wa sayansi ya udongo watasema "Vertisol", ni udongo ule ule, sasa ukiandika jina moja umewafungia wengine wote nje. Na ile murram yako uliyoandika huku chini, nje ya Afrika Mashariki watu wengi hawaijui, kwa majarida tafuta "laterite". Nikaja kwa safu ya mahali, nikaandika Kano Plains. Akaongeza Nyando, akaongeza Nyanza, alafu pembeni akaandika Kavirondo. Nikashtuka kidogo, hilo ni neno la wakoloni, nyumbani wazee hawapendi kulisikia. Akasema anajua, lakini ripoti za kabla ya uhuru zinaita ghuba yetu ya Winam "Kavirondo Gulf", na usipoandika hilo jina hizo ripoti hazitakuja, kompyuta haina habari kwamba ni maji yale yale.

Alafu ndio akageuza skrini ya kompyuta yake upande wangu. Akanionyesha kufunga maneno kwa alama za kunukuu ili yakae pamoja yasitawanyike, kuweka OR kati ya majina tofauti ya kitu kimoja na AND kati ya vitu viwili tofauti, kuweka nyota mwisho wa neno ili culvert na culverts zije kwa pamoja. Akanionyesha kwamba ukipata makala moja nzuri unaweza rudi nyuma kwa marejeo yake uone yeye alisoma nani, na unaweza enda mbele kwa Google Scholar, pale chini palipoandikwa "Cited by", uone ni nani alimsoma yeye baadaye na kama walikubaliana naye ama walimpinga. Yote hayo hayakufika nusu saa. Nusu saa ambayo kwa miaka mitano hakuna mtu alikuwa amenipa, na sikujua hata ya kuiomba.

Na tukaipata. Mwaka 1976 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ilitoa ripoti namba 706, na hiyo ripoti ni modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki. Sisi wenyewe! Walikuwa wamechagua mabonde madogo madogo ya Kenya na Uganda wakaweka vipimo, wakapima mvua inayoingia na maji yanayotoka, na modeli yenyewe haikupi kizidishi kimoja cha kubandika tu, inakuuliza udongo wako unapitisha maji vipi na mteremko ukoje, udongo ulikuwa umeshalowa kiasi gani kabla ya dhoruba, na hiyo ardhi ni msitu ama ni shamba ama ni malisho, alafu ndio inazidisha. Iko na nduguye ya 1974, namba 623, ya kukadiria mvua kubwa za huku kwetu. Zimekuwepo kabla mimi sijazaliwa, zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayesimama pale niliposimama mimi, mbele ya kijito kama kile, na hakuna yuniti hata moja iliyonitajia. Nilisoma usiku kucha kwa leptop ya kuazima nikiwa nimefurahi na nimekasirika kwa wakati mmoja.

Nikarudia hesabu, michoro ikabadilika, nikapita. Lakini ndani ya lile kabati la idara kuna projekti nyingi zenye 0.3 ileile, na kila mwaka kuna mtu anainakili, hiyo bado inaninyima usingizi.

Waheshimiwa, mkiniuliza kwa nini hali iko hivi nitasema nilivyoona. Somo la maktaba tulipewa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Tulikuwa zaidi ya mia mbili kwa mstari, wa nyuma hatukusikia kitu, tukaonyeshwa mahali pa kuacha begi na tukaambiwa tusiingie na chakula. Mtoto wa wiki ya kwanza hata hajui atakuja kutafuta nini! Ni kama kumfundisha mtu kuvua wakati hajawahi kuona ziwa. Alafu mwaka wa nne kuna yuniti ya mbinu za utafiti, na hiyo tulifundishwa kutengeneza dodoso. Dodoso ni kitu kizuri kwa mtu wa sosiolojia, lakini udongo haujazi dodoso. Mhandisi anatafuta vitu vya aina yake: viwango, miongozo ya usanifu, ripoti za serikali, vipimo vya mvua na mito, hataza (zile patent za wavumbuzi), michoro ya zamani. Vingi havikai kwa vitabu vya kawaida na havitokei ukurasa wa kwanza wa Google, lazima mtu akuonyeshe mlango.

Chukueni viwango peke yake. Mwezi uliopita kijana mmoja ameniletea hesabu ya nguzo, kazi safi, amefuata BS 8110, kile kiwango cha Uingereza cha usanifu wa konkriti. Nikamuuliza kama anajua hiyo BS 8110 Uingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode 2 ya Ulaya. Alishtuka kweli, akasema ndiyo iko kwa notisi. Sikumwambia ni mbaya, kuna majengo mengi yaliyosimama kwa BS 8110 na ukienda kukagua jengo la zamani lazima uijue, nilimwambia tu kwamba kiwango kina umri, kinazaliwa na kinastaafu, na kabla hujakitumia kuna mahali unaangalia kama bado kiko kazini. Hata kanuni zetu za ujenzi, zile tulizorithi za 1968, zimepisha National Building Code ya 2024 ambayo imeanza kutumika Machi 2025. Mwanafunzi anayejua kukagua hilo hatahitaji kuambiwa tena maisha yake yote, na yule asiyejua atabaki na notisi za mwaka aliomaliza.

Na fotokopi! Ule mwongozo wa barabara wa Kenya wa 1987, sehemu ya tatu, ya vifaa na tabaka za barabara, mimi niliujua kama fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Jedwali la udongo wa chini lilikuwa limefifia, daraja la S1, ule udongo dhaifu kabisa wenye CBR, kipimo cha nguvu ya udongo, ya 2 mpaka 5, hiyo 5 kwa nakala yangu ilikuwa inasomeka kama 6 ama 8, chagua mwenyewe. Darasa letu kila mtu alikuwa na yake. Nakala nzuri ilikuwa maktaba, imefungiwa, na katalogi ilikuwa imeiandika kwa jina la wizara, kwa hivyo ukitafuta "Road Design Manual" haiji. Hiyo nayo ni kazi ya nani kutueleza, kwamba ripoti ya serikali mara nyingi imesajiliwa kwa jina la aliyeitoa?

Wacha niseme la ziwa letu, Viktoria, pia kwa sababu hilo linagusa watu wengi. Mwaka jana tulikuwa na kazi ndogo ya kukadiria ukuta wa ufuo upande wa Dunga, atachii wetu akaleta grafu ya kina cha ziwa iliyoanza 1990. Nikamuuliza kwa nini 1990, akasema ndipo faili aliyopewa ilipoanzia. Tukashuka naye mpaka ufuoni, kukawa na mama mmoja anakaanga samaki, kijana akamsalimia, wakaanza kuongea, yule mama akamwonyesha kwa mwiko mahali maji yalifika 2020, alafu akamwambia, "Mwanangu, mamangu alikuwa anasema lilishawahi kufika hapa, wakati wa uhuru." Na ni kweli kabisa. Mvua za 1961 na 1962 zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, likafika kilele 1964, na hicho kilele hakikuvukwa mpaka Mei 2020. Vipimo vya ziwa vimeandikwa tangu miaka ya 1890, vipo, vimechapishwa, mtu anayejua kutafuta anavipata siku hiyo hiyo. Yule mama alijua kitu ambacho grafu ya mhandisi haikujua. Ukianza na 1990 umejenga ukuta kwa ziwa ambalo kabla ya hapo halikuwahi kufurika, na watu wa Dunga na Nyalenda ndio wataogelea.

Wenzetu wa mekanika na umeme nao wana yao. Nimeona maonyesho mangapi ya wanafunzi yenye mashine ya kuvuna magugu maji, kila mwaka kama kitu kipya, vijana wametumia pesa zao za mkopo wa HELB kuchomelea vyuma, na hakuna aliyewahi kufungua Espacenet ambayo ni bure na ina mamilioni ya hataza, aone wengine walikwama wapi ili yeye aanzie hapo. Na hilo gugu lenyewe jina lake la kisayansi limebadilishwa, lilikuwa Eichhornia crassipes sasa wanaliandika Pontederia crassipes, kwa hivyo lazima utafute yote mawili. Ni vitu vidogo hivyo, lakini ndivyo vinaamua kama miezi minane ya mwanafunzi imeenda mbele ama imezunguka pale pale.

Sasa imekuja hii ya AI. Mwaka huu msichana mmoja mwerevu sana ameniletea ripoti yenye marejeo ishirini na mbili, yamepangwa vizuri, majina, miaka, majarida, kila moja na namba yake ya DOI, ile ya kutambulisha makala mtandaoni. Nikachukua moja nikaibandika kwa intaneti mbele yake. Ikafungua makala ya mambo ya meno. Ya pili haikufungua kitu. Ya tatu jarida lipo, mwandishi yupo, lakini hiyo makala hajawahi kuiandika. Alilia, na mimi sikufurahi. Hakuwa anadanganya, aliiuliza ile programu ikampa, na hakuna mtu alikuwa amemwonyesha kwamba DOI ni kitu unaweza bonyeza ukakagua kwa sekunde tano. Sisemi mzipige marufuku, hata mimi natumia kusafisha Kiingereza changu. Nasema mtoto aliyefundishwa kukagua hata akipewa uongo ataukamata, na yule ambaye hakufundishwa ataupeleka mpaka sait na kuumwagia konkriti.

Kinachouma ni kwamba vitu vipo. Vyuo vyetu vingi viko kwa ule muungano wa maktaba, KLISC, ambao wanalipia databesi kwa pamoja ili bei ishuke, na kuna ARDI ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki za ubunifu, ambayo tangu 2009 inafungua majarida ya sayansi na teknolojia kwa nchi kama zetu bure ama kwa bei ya chini. Makala ambazo mtu wa kawaida ataulizwa dola thelathini kwa moja, mwanafunzi wetu anaweza kuwa tayari ana ruhusa nazo. Lakini anafika kwa ukurasa wa malipo, anafunga, anarudi kwa Google. Nimewauliza atachii wetu wote miaka mitatu mfululizo kama wanajua paswadi ya maktaba ya kutumia nje ya kampasi. Wawili tu ndio walijua. Na atachmenti ndio wakati mtu ana maswali ya kweli mkononi, amesimama sait, udongo umempasukia mbele yake, na ndio wakati huo huo hawezi kuingia kwa sababu bila hiyo paswadi databesi inatambua intaneti ya kampasi peke yake.

Najua mtanijibu kurikula imejaa, na kuongeza yuniti ni safari ndefu. Mimi siombi yuniti mpya. Naomba mkate masaa sita kwa yuniti ya usanifu ya mwaka wa tatu, siku tatu za masaa mawili, hapo ndipo wanafunzi wanapewa kazi yao ya kwanza ya kweli na wana njaa ya kujua. Wafundishwe wakiwa na swali lao wenyewe mkononi, sio mfano wa kubuni. Na iwe na alama, jamani, sisi wanafunzi tunajuana, kitu kisicho na alama hatuji. Alama ziwe za njia, mtu aandike alitafuta maneno gani, wapi, alipata nini, alikataa nini na kwa nini. Kila namba kwenye ripoti iwe na mahali ilipozaliwa, na lekchara akichagua tatu bila kutangaza, mwanafunzi amwongoze mpaka kwa chanzo.

Alafu wakutubi. Hapa naongea na wakuu wa vitivo hasa. Mnawaweka hawa watu nyuma ya kaunta wakigonga mihuri ya tarehe wakati ndani ya kichwa cha mmoja wao kuna kitu ambacho idara nzima haina. Mpeni mkutubi wa uhandisi meza kwenye idara hata siku moja kwa wiki, pale karibu na maabara ya udongo wanafunzi wanapopita na matope. Mwiteni kwa paneli ya projekti, asikilize, naye aulize swali lake moja. Yule madam aliniambia katika kazi yake yote hajawahi alikwa kwa difensi hata moja, na mimi ninayemshukuru nilikuwa sijui kwamba ana shahada ya pili.

Na fungueni yale makabati ya projekti. Ziwekeni kwa hifadhi ya mtandaoni ya chuo hata kama zina makosa, na kama lekchara aliandika kwa pembeni kwamba namba fulani ni mbaya, hiyo pembeni iende nayo, itasaidia kuliko ripoti yenyewe. Hii ya kwangu mnaweza kuanza nayo, ile ya kwanza yenye 0.3 na ile iliyorekebishwa, ziwekwe pamoja, natoa ruhusa.

La masaa ya kufunga maktaba nawaachia, najua stima na askari ni pesa. Lakini paswadi za nje ya kampasi si pesa, ni mtu kukaa na darasa kwa dakika ishirini kila mmoja akiwa na simu yake mpaka wote waingie, kabla hawajaondoka kuja kwetu mwezi wa Mei.

Mimi niko tayari kusaidia, sisemi tu. Jumamosi nyingi niko huru, na kutoka hapa Kisumu naweza fika kwa matatu mpaka vyuo vyenu vingi na kurudi siku hiyo hiyo, nauli yangu mwenyewe, hata Nakuru nitafika. Ile karatasi ya safu tatu bado ninayo, imekunjika na ina doa la chai, nimeipiga picha na naweza toa nakala za darasa la watu sitini. Nitakuja na kile kijito cha Kano kama mfano na wanafunzi waje na vya kwao. Ninachoomba kutoka kwenu ni chumba chenye intaneti, na kwa wale wa chuo changu, ruhusa ya yule madam kuacha kaunta yake kwa masaa mawili ili asimame mbele yeye, mimi nikae nyuma.

Nasubiri jibu lenu.

Wenu,
mhitimu wa uhandisi wa ujenzi, Kisumu